Injini Iliyotudai Ukweli



Kwa miaka mingi kamioneti ya parokia yetu ilikuwa kama mwanashirika mmoja zaidi kati yetu. Ni Toyota Hilux ya zamani, ya mazuti, iliyotufikia ikiwa na injini ambayo mafundi huiita 2L. Ilibeba saruji ya makanisa ya vijijini, viazi vya sadaka ya mavuno, waimbaji wa kwaya, maharusi na majeneza. Katika milima ya Lubero, ambako barabara hupanda kama ngazi na kugeuka utelezi kila mvua inaponyesha, gari la namna hiyo si anasa. Baba Paroko alitukabidhi sisi, vijana wa chama cha walei, kazi ya kulitunza: kuliosha, kulitia mafuta, na wenye kibali kuliendesha kwa zamu. Tulijivunia kazi hiyo. Siku za sikukuu tuliling'arisha hata likawa kama kioo.

Hatuandiki ukurasa huu kwa kuwa tumekuwa mafundi. Tunaandika kwa sababu ya usiku mmoja ambao hatuwezi kuusimulia bila kuinamisha kichwa.

Usiku ule tuliitwa kumchukua mama aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amekwisha kuandika karatasi ya kumpeleka hospitali kuu. Katika mpando wa tatu sindano ya joto iligusa alama nyekundu, mvuke mweupe ukafoka, injini ikatoa mlio mkavu wa chuma, kisha ikanyamaza. Tulitia maji ya kijito. Haikuwaka. Tulikata miti miwili, tukafunga blanketi, tukamwinua mama mabegani kama wazee wetu walivyobeba wagonjwa kwa tipoyi. Kilomita tisa zilizobaki tulizitembea gizani kwa zaidi ya saa tatu. Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Hakuna daktari aliyetuambia kwamba mtoto angaliishi kama gari lingalifika. Hakuna pia aliyetuambia kinyume chake. Tumeachiwa swali hilo, na tumejifunza kutolitafutia jibu la kutufariji.

Siku chache baadaye gari lilivutwa kwa kamba nyuma ya lori la viazi hadi mjini Butembo, katika garaji ya mzee mmoja anayefahamu injini za namna ile kama mkulima anavyofahamu shamba lake.

«Mzee, injini imekufa ghafla,» tulimwambia.

«Wanangu, injini ya mazuti haifi ghafla,» akajibu. «Inakufa polepole, na wenye gari huwa wanajua. Niambieni mlichokijua.»

Tulinyamaza. Tulitazama chini, kisha tukatazamana. Mzee hakugusa ufunguo hata mmoja. Alikaa juu ya gurudumu kuukuu, akasema kwa upole: «Mimi si hakimu. Lakini nisipojua gari limekuwa likiugua nini, nitabadilisha kilichovunjika na kukiacha kilichokivunja.»

Ndipo mmoja wetu akaanza. Alisema kwamba miezi miwili kabla ya usiku ule kifuniko cha radiateri kilipotea njiani, naye akaziba mdomo wake kwa kitambaa na kuufunga kwa ukanda wa mpira wa gurudumu. Wa pili akasema kwamba ndiye aliyeondoa termostati, kwa shauri la watu wa barabarani waliomwambia kwamba injini isiyo nayo haipati joto. Mtunza sanduku akakiri kwamba aliombwa fedha za kununua kifuniko kipya, naye akajibu tungoje hadi siku za vijana zipite, kwa kuwa fedha zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya vitenge vya sare na nauli. Wa mwisho alikuwa mdogo wetu. Machozi yalimlengalenga. Dominika iliyotangulia, alipokuwa akiosha gari, alichomoa kijiti cha kupimia mafuta akaona mafuta yamekuwa kama chai ya maziwa. Alikirudisha kijiti mahali pake na kukaa kimya, akiogopa kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeharibu.

Hakuna kati yetu aliyekuwa amesema uongo. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake cha ukweli mfukoni, na vipande vile vinne, kama vingaliwekwa pamoja mezani siku moja tu, vingalitosha kulisimamisha gari kabla ya usiku ule.

Mzee alitueleza uzito wa kila kipande, nasi tunawaeleza ninyi jinsi tulivyoelewa. Katika milima yetu, kwenye kimo cha mita 1,750 hivi, maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 94, siyo 100 kama pwani ya bahari. Kifuniko cha radiateri kinachobana vema huyafungia maji ndani ya msukumo, hata yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Kitambaa hakiwezi kazi hiyo. Nayo termostati, ambayo wengi huiona kama kizuizi, ndiyo mlango unaoongoza maji. Hulisaidia gari kufikia joto lake mapema, na katika injini kama yetu huziba pia njia ya mkato ambayo maji yangeirudia injini bila kupita kwenye radiateri. Tulipoing'oa tulidhani tumeufungua mlango, kumbe tulikuwa tumemwondoa bawabu. Na mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakisema wazi kwamba maji yamekwisha kuingia mahali pasipo pake.

Baada ya maneno hayo mzee alisimama, akachukua funguo zake.

Tulipoinua kulasi, yaani kichwa cha injini, tuliona kwamba juwe, ile karatasi ngumu inayotenganisha kulasi na bloku, ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Injini ya mazuti haina cheche: huibana hewa zaidi ya mara ishirini hadi ipate joto la kuwasha mazuti yenyewe. Msukumo huo wote unazuiliwa na juwe ile nyembamba. Mzee akalaza rula ya chuma juu ya kulasi na kuingiza chini yake kijani chembamba cha kupimia. Ilikuwa imepinda robo ya milimita, unene wa nywele chache tu. Kwa macho yetu ilikuwa imenyooka kabisa. Kisha akaisugua, akatuonyesha ufa kati ya vali mbili. Katika silinda ya tatu pistoni ilikuwa imeukwaruza ukuta hata ukucha uliisikia mikwaruzo.

Wengi wenu mnayafahamu maneno matatu ya Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristu mwaka wa 1925: Kuona, Kupima, Kutenda. Papa Yohane wa XXIII aliyataja katika barua yake ya mwaka 1961, Mater et Magistra, akiwahimiza hasa vijana kuyatumia. Tumeyatamka mara nyingi katika mikutano yetu, nasi mara nyingi tumeliruka neno la kati. Tunaona, tunasikitika, tunakimbilia kutenda. Katika garaji ile tulijifunza kwamba kupima ni kukubali kwamba jicho letu, hata likiwa na nia njema, halioni robo ya milimita.

Kisha yakaja mabishano, nasi hatutaki kuyaficha. Baadhi yetu walisema: kwa kuwa injini imekwisha kufunguliwa, tuipe nguvu, tutie turbo, milima isitushinde tena. Hawakuwa wajinga. Turbo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi unaotoka, nalo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Hewa ikizidi, mazuti huweza kuzidi, na nguvu huzidi. Walikuwa wamekwisha kuuliza bei. Wengine tulitaka kubadilisha juwe peke yake, kulipaka gari rangi, na kurudi nyumbani kabla ya siku za vijana. Tulibishana hadi jioni. Upande mmoja ulitaka nguvu, wa pili ulitaka sura, na pande zote mbili zilikuwa na haraka.

Mzee alitusikiliza, kisha akauliza: «Mwenye homa akishindwa kubeba mzigo, mnamwongezea mzigo ili apate nguvu? Turbo huleta nguvu, huleta na joto. Ninyi mmeuawa na joto.»

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza hukaa chini na kuhesabu gharama. Tulikaa chini, kweli kabisa, juu ya magurudumu yale makuukuu, na kuhesabu. Bloku yetu haikuweza kuchongwa tena. Silinda zake, zilizotoka kiwandani na upana wa milimita 92, zilikuwa zimekwisha kuchongwa hadi 93 katika matengenezo ya zamani, na hakuna pistoni kubwa zaidi tuliyoweza kuipata. Kwa hiyo mzee akatushauri tutafute injini ya 3L, ndugu wa ile yetu. Ni ya ukoo mmoja, inakaa juu ya misumari ileile na kushikana na sanduku la gia lilelile. Lakini silinda zake zina upana wa milimita 96, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,779 badala ya 2,446: ongezeko la karibu sehemu moja ya saba, bila kuilazimisha injini kufanya kazi isiyo yake.

Wafanyabiashara wa Butembo huleta vyuma vya namna hiyo kutoka mbali, vingine kutoka Dubai, vingine kwa njia ya Kampala na mpaka wa Kasindi. Tulipata moja. Muuzaji aliapa kwamba ni nzima. Mzee alitabasamu tu, akaifungua yote. Alipima kila silinda juu, katikati na chini. Aliweka pete mpya za pistoni, kusine mpya za vilebrekini, juwe mpya, na mkanda mpya unaoongoza vali, kwa maana ukikatika ule pistoni hugonga vali na kazi yote hupotea kwa nukta moja. Pompi ya mazuti ilipelekwa kurekebishwa ili itoe kipimo kinachoifaa injini kubwa zaidi. Tuliongeza radiateri nene kuliko ile ya kwanza, mipira mipya ya maji, termostati, na kifuniko.

Gharama yote ilikuwa dolari 1,480. Kifuniko cha radiateri kilikuwa dolari 6.

Tuliiandika hesabu ile katika daftari la chama, mistari hiyo miwili mmoja juu ya mwingine, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema neno.

Sanduku letu lilikuwa na dolari 610, zile za vitenge na nauli. Tulipiga kura kuzitoa. Wapo waliolia, nasi hatuwalaumu, kwa kuwa wengine walikuwa hawajawahi kutoka nje ya parokia, na siku za vijana zingekuwa safari yao ya kwanza. Fedha zilizosalia tulizitafuta kwa miezi minne: tulibeba matofali, tukachimba viazi katika mashamba ya watu, tukachanga kidogo kidogo katika mashirika.

Katika miezi hiyo, baba wa yule mtoto alikuja parokiani na gunia la maharage begani. Alituambia tuliuze kwa ajili ya gari. Hatukuweza kulipokea. Mmoja wetu alimwomba msamaha kwa niaba ya wote, na kumwambia kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kutusaidia. Alitutazama kwa muda.

«Sikuleta kwa ajili yenu,» akasema. «Mke wa jirani yangu ana mimba ya miezi sita.»

Akaliweka gunia chini, akaenda.

Tumesikia mahubiri mengi juu ya toba, mengine mazuri sana. Lakini siku ile tulielewa jambo ambalo hatukuwa tumelielewa: huzuni yetu, hata ilipokuwa ya kweli, ilikuwa bado inatuzunguka sisi wenyewe. Tulikuwa tunataka kusamehewa ili tupumzike. Yule baba, ambaye ndiye aliyefiwa, alikuwa amekwisha kutazama mbele, kwa mama mwingine, katika mpando uleule, usiku mwingine.

Siku ya kufunga injini mzee alitupa ufunguo wa kupimia nguvu ili sisi wenyewe tukaze bolti za kulasi. Hazikazwi kwa kufuata mstari, wala moja haikazwi hadi mwisho kabla ya nyingine. Huanzia katikati na kwenda nje, upande huu na upande ule, kwa awamu, hadi zote zishike kwa nguvu moja. Ukiikaza moja kwa hasira, kulasi hupinda. Tulipokezana ufunguo ule, na aliyekuwa ameondoa termostati alikaza sawa na mtunza sanduku, na mdogo wetu sawa na dereva. Hakuna aliyetoa hotuba.

Injini iliwaka asubuhi ya Jumamosi. Tulipiga vigelegele hadi majirani wa garaji wakatoka. Lakini mzee alituwekea sharti: kilomita 1,000 za kwanza bila mzigo mzito na bila mbio, kisha kumwaga mafuta na kuweka mapya, kwa sababu pete mpya na kuta za silinda zinahitaji muda wa kuzoeana. Haikupita wiki, mfanyabiashara mmoja akatuita tumpakilie tani moja ya viazi, kwa malipo ambayo yangerudisha sehemu kubwa ya fedha za vitenge. Tulikataa. Tunakiri kwamba tulikataa kwa shida, na kwamba kura ilipita kwa sauti mbili tu.

Na yule mke wa jirani? Kwa wiki tatu tulilala kwa zamu, ufunguo wa gari kando ya kitanda, matangi yamejaa, maji yamepimwa. Alijifungua salama palepale katika kituo cha afya, bila kuhitaji gari. Tulipata habari asubuhi, gari likiwa limesimama uani. Hatujawahi kufurahi hivyo kwa kukosa safari.

Tangu hapo kuna daftari dogo ndani ya gari. Kila anayeendesha, na kila anayeosha, huandika alichokiona: kimo cha maji, rangi ya mafuta, sindano ilipofika, mlio usiozoeleka. Tumeweka kanuni moja tu: anayeandika hasutwi. Hata kama kosa ni lake, akiliandika tunalitengeneza pamoja. Kanuni hiyo ilikuwa ngumu kuishika kuliko tulivyodhani, kwa maana ulimi wa kulaumu una haraka. Lakini tunajua sasa kwamba mdogo wetu hakunyamaza kwa ubaya. Alinyamaza kwa kuwa sisi wakubwa tulikuwa tumemfundisha kuogopa.

Dominika iliyopita daftari lilikuwa na mstari mmoja: «Maji yamepungua kidogo. Sijui sababu.» Jumatatu tulikutana baada ya Misa ya asubuhi, tukafungua, tukatafuta. Pete ya chuma inayobana mpira wa chini ilikuwa imelegea. Tuliikaza. Kazi ilichukua dakika chache.

Kwa mazungumzo katika kundi:

1. Katika kundi letu, ni jambo gani ambalo kila mmoja analijua kwa sehemu, na hakuna anayelisema?

2. Mdogo akileta habari mbaya kwetu, anapokelewa namna gani? Je, atarudi kutuambia tena?

3. Ni gharama gani ndogo tunayoiahirisha leo kwa ajili ya sherehe ya kesho?